Jina la Kiwiko Kinachouma

Kwa miezi minne mkono wangu wa kulia uliweza kusukuma nondo ya zaidi ya kilo 50 kutoka kifuani, lakini haukuweza kuinua birika la chai. Anayesikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Wenzangu wa chumba walidhani hivyo, na mama aliponipokea nyumbani likizoni alidhani nimejifunza uvivu mjini. Ilinibidi nieleze. Hapo nikaona kwamba mwanafunzi wa lugha wa mwaka wa tatu, mwenye Kiswahili, Kifaransa na Kirundi kinywani, anaweza kukosa neno la kusema kinachoendelea katika mkono wake mwenyewe. Habari ninayoisimulia hapa ni ya kiwiko hicho, na ya maneno niliyoyatafuta mpaka kikapona.

Mimi ni mtu wa Sange, katika uwanda wa Ruzizi, Kivu ya Kusini. Anayeshuka kutoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 kuelekea Uvira hupita Kamanyola na Luvungi, kisha hutufikia sisi. Wengi nje ya mkoa wetu walilisikia jina la Sange kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka barabarani, mafuta yakamwagika, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 230, wengine wao wakiwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Sisi tuliokulia pale tunaijua pia Sange ya kila siku: mpunga, muhogo, mahindi, ng'ombe wanaokatiza barabara bila haraka, na joto ambalo watu wa Bukavu huanza kulilalamikia kabla hawajashuka garini.

Vijana wa mtaa wetu hunyanyua vyuma nyuma ya nyumba ya jirani, chini ya mwembe. Hakuna kilichonunuliwa dukani. Nondo ni bomba la chuma lenye kilo 6 hivi, na uzito ni saruji na kokoto vilivyomiminwa ndani ya makopo ya rangi na kuachwa vikauke. Zege likishakauka huwa na kilo 2.3 hadi 2.4 kwa kila lita. Kwa hiyo kopo la lita 5 hutoa takriban kilo 12, na kopo la lita 10 hutoa kilo 24. Ukifunga makopo mawili madogo kwenye nondo unapata kilo 30. Ukifunga makubwa unapata kilo 54. Hakuna kilicho katikati. Katika kumbi za mazoezi za miji mikubwa kuna visahani vya kilo moja na robo ambavyo mtu huviongeza wiki kwa wiki. Chini ya mwembe wetu, anayehama kutoka makopo madogo kwenda makubwa huruka kilo 24 kwa siku moja, na wote wanaomzunguka humpigia makofi.

Mwaka ule mzigo wa mkono wangu ulitoka pande tatu kwa pamoja. Kulikuwa na vyuma. Kulikuwa na mafunzo ya kufundisha katika shule ya sekondari, ambako vitabu havikutosha na kila somo liliandikwa ubaoni kwa chaki tangu kichwa cha habari hadi zoezi la mwisho. Na kulikuwa na magunia. Wakati wa mavuno vijana wa Sange hupata fedha kwa kupakia mpunga kwenye malori na kuupeleka kwenye mashine za kukoboa, na malipo huhesabiwa kwa gunia. Sehemu ya karo yangu hutoka hapo. Gunia huinuliwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake kwa vidole, viganja vikiangalia chini, kisha huwekwa begani kwa wa tatu. Mabega yangu hayakuwa na neno. Vidole ndivyo vilivyokataa: nikishika pembe za gunia, kitu upande wa nje wa kiwiko kilinipiga, na vidole vikafunguka vyenyewe. Mpakiaji anayeachia gunia hubaki bila mwenzi wa kufanya naye kazi. Kwa hiyo kiwiko kiligusa karo kabla hakijagusa fahari ya mazoezi.

Basi nikaanza kuuliza, na kila niliyemwuliza alinipa jina. Mmoja alisema nimeteguka, akashauri nivutwe mkono. Mwingine alisema ni baridi imeingia kwenye mifupa, akashauri maji ya moto na mafuta ya kuchua. Wa tatu akasema ni rumatizimu, ugonjwa wa wazee ulioniwahi. Katika duka la dawa nilipewa diklofenaki kabla sijamaliza sentensi. Hakuna aliyenitakia mabaya. Lakini nilijifunza jambo ambalo darasani tunalisoma kama nadharia tu: jina huja na matibabu yake. Ukisema umeteguka, utavutwa. Ukisema baridi, utakandwa. Ukisema rumatizimu, utaambiwa uzoee.

Hata kiungo chenyewe kilinitatiza. Kiswahili sanifu hukiita kiwiko, lakini wapo wasemaji wanaotumia neno hilohilo kwa kifundo cha mkono, pale saa inapofungwa. Kamusi zinatupa pia kisugudi, kisukusuku na kivi. Katika uwanda wetu, ambako Kirundi husikika sana, mtu atasema inkokora na kila mmoja ataelewa papo hapo. Na kuhusu maumivu, Kiswahili chetu cha mashariki mwa Kongo kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi usiku na mchana: kuluma. Mbwa analuma, na mkono unaluma. Sanifu nayo husema kuuma kwa yote mawili. Ni kitenzi kizuri, kwa maana kinamwonyesha mgonjwa kama mtu aliyeng'atwa na kitu. Lakini hakisemi meno ni ya aina gani.

Aliyenifungulia njia ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba katika kituo kimoja cha afya. Kwetu watu wa kazi hiyo huitwa kine, kwa kufupisha Kifaransa. Alikuwa mzee kiasi, mwenye mikono mizito, na hakunigusa kwa dakika kumi za kwanza. Aliuliza tu.

"Inakuluma namna gani?"

"Inaluma sana, muganga."

"Sana ni kipimo. Nimekuuliza namna."

Nikanyamaza. Akanisaidia kwa kuniwekea maneno mezani, moja baada ya jingine, kama muuza viatu anayejaribu saizi. Je, inachoma kama sindano? Inavuta kama kamba? Inakeketa kwa ndani usiku? Inapwita pamoja na mapigo ya moyo? Inawaka? Au mkono unakufa ganzi, vidole vinawashawasha kama vimepitiwa na siafu? Nilipochagua, niliona kwamba kila neno lilikuwa mlango wa chumba tofauti. Ganzi katika kidole cha mwisho na nusu ya kile kinachokifuata humpeleka mtaalamu kwenye neva inayopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ileile inayotupiga kama umeme tukigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza. Kupwita pamoja na joto na wekundu huonya kuhusu uambukizo, na hapo hakuna kungoja. Maumivu nyuma kabisa, kwenye ncha ya kiwiko, mtu anaponyoosha mkono kwa nguvu, huelekeza kwenye kano la msuli wa nyuma ya mkono wa juu. Yangu hayakuwa hayo. Yangu yalivuta na kuchoma upande wa nje, juu ya kinundu cha mfupa, na yalikuja nikishika kitu.

Kisha akaninyoshea kigoda. "Kinyanyue kwa mkono mmoja, umenyoosha kiwiko, kiganja kikitazama chini." Nilishindwa. "Sasa geuza kiganja kitazame juu." Nilikinyanyua bila shida, kigoda kilekile, mkono uleule. Akacheka, akaniambia kwamba kigoda kimekwisha kusema.

Maelezo yake yalikuwa rahisi, na nilipoyasoma baadaye niliyakuta vilevile vitabuni. Misuli inayokunja kifundo cha mkono kuelekea nyuma hulala juu ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, na mingi yake hujishikiza kwa kano moja kwenye kile kinundu cha nje. Tukifumba ngumi kushika kitu, misuli hiyo hukaza ili kifundo kisianguke mbele. Kwa hiyo kila kushika ni kazi ya kiwiko, ingawa jicho linaona vidole tu. Kiganja kikitazama chini, misuli hiyo hubeba uzito wote. Kikitazama juu, kazi huhamia kwa misuli ya upande wa ndani. Ndiyo maana niliweza kusukuma nondo, ambayo hukaa juu ya kiganja na kutegemea mifupa, nikashindwa na birika, ambalo huning'inia kwenye vidole.

Nikauliza ugonjwa huu unaitwaje. Akasema kwa Kifaransa, kisha akaongeza kwamba watu wengi huuita kiwiko cha tenisi. Nikamwambia sijawahi kushika raketi. Akasema, "Wala wagonjwa wangu wengine."

Jina hilo lilinifuata hadi maktaba. Daktari Mjerumani aitwaye Runge anatajwa kuwa wa kwanza kuyaeleza maumivu haya katika maandishi ya kitabibu, mwaka 1873, na makala yake ilihusu mkono wa watu wanaoandika sana. Tenisi ya uwanja wa nyasi ilipewa hataza Uingereza mwaka uliofuata, 1874. Ilipofika 1883, jarida la madaktari wa Uingereza lilikuwa tayari limechapisha maelezo ya kiwiko cha wachezaji wa tenisi, na jina likashika. Tazama safari hiyo: maumivu yaliandikwa kwanza kwa ajili ya mwandishi, yakapewa jina la mchezo ambao ulikuwa haujaenea. Ndugu yake, yanayokaa upande wa ndani wa kiwiko, yakaitwa kiwiko cha mchezaji wa gofu. Na uvimbe wa mfuko wa maji kwenye ncha ya kiwiko, unaotokana na kuegemea meza muda mrefu, Waingereza huuita kiwiko cha mwanafunzi, au kiwiko cha mchimba migodi. Hivyo mchezaji, mwanafunzi na mchimbaji wana viwiko vyao katika vitabu. Mpakia magunia hana. Mpura mpunga hana.

Wanaosoma Kifaransa kitivoni watatambua jambo jingine. Jina la kitabibu la ugonjwa huu kwa Kifaransa linaishia kwa kiambishi kinachomaanisha uvimbe wenye joto, kama ilivyo katika majina ya magonjwa mengi. Lakini madaktari walipochunguza vipande vya kano hizi kwa hadubini, hasa tangu miaka ya 1970, waliona nyuzi zilizovurugika na kuchakaa, na chembe za uvimbe zikiwa chache sana. Wataalamu wengi sasa hutumia jina linalosema tu kwamba kano ni mgonjwa. Mabadiliko ya silabi chache mwishoni mwa neno yanabadilisha dawa. Kama ni uvimbe, unauzima. Kama ni nyuzi zilizochakaa, unazijenga upya, na kano haijengwi kwa kidonge. Hujengwa kwa mzigo unaopimwa.

Hapa nagusa sindano, kwa sababu kwetu mgonjwa anayetoka hospitali bila kuchomwa huona hakutibiwa. Kuna sindano ya kotikosteroidi ambayo hutuliza kiwiko haraka, na anayeipata hufurahi wiki za kwanza. Mwaka 2013 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha jaribio lililofanyika Brisbane, Australia, kwa wagonjwa 165 wa kiwiko cha namna hii. Baada ya mwaka mmoja, waliochomwa dawa hiyo waliopona au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83; waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 96. Na maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya wale wa kwanza, dhidi ya asilimia 12 ya wale wa pili. Nilimwonyesha kine takwimu hizo kwenye simu. Hakushangaa. Alisema wagonjwa wake walishamfundisha hayo, ila hawakuwa na jarida.

Dawa yangu ilikuwa chupa. Chupa ya plastiki ya lita 1.5 ikijaa maji ina kilo moja na nusu. Ikijaa mchanga mkavu hukaribia kilo 2.4, na katikati mtu anaweza kuongeza mchanga kidogokidogo, jambo ambalo makopo ya saruji hayaruhusu. Mama mmoja anayeuza mchele sokoni aliniruhusu nitumie mizani yake asubuhi kabla wateja hawajaja. Kwa wiki mbili za kwanza niliweka kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kifundo nje ya ukingo, nikashikilia chupa bila kuisogeza kwa sekunde 45. Mara tano, na mapumziko ya dakika mbili kati ya kila moja. Baadaye nikaanza kuishusha chupa polepole kwa sekunde tatu au nne na kuipandisha kwa msaada wa mkono wa kushoto, mara 15, kwa awamu tatu. Kanuni ilikuwa moja: maumivu yanaruhusiwa kufika 3 katika 10, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza mchanga. Yakitulia kwa siku kadhaa, ongeza.

Mazoezi ya mwembe hayakukoma, bali yalibadilika. Kusukuma niliendelea nako. Kuvuta nondo kuelekea kifuani kulirudi kwenye makopo madogo, na viganja vikatazama juu. Kujivuta kwenye tawi kulingoja. Nondo tuliizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu mshiko mwembamba na unaoteleza hudai kukazwa zaidi. Kisha tukamimina makopo mapya ya lita 1 na lita 2, na hilo limewasaidia wengine kuliko mimi: sasa kijana anayeanza huongeza kilo 5 kwa jozi, hahitaji kuruka 24. Kwenye magunia niliomba nafasi ya wa tatu, anayebeba begani, mpaka mavuno yakaisha. Malipo ni yaleyale, na vidole vinapumzika.

Wakati huo wote mama alikuwa akinitazama. Jioni moja, nikiwa mezani na chupa yangu, alikuja akaketi, akaniita papa, kama akina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume wakitaka kusema naye neno zito.

"Papa, hiyo chupa yako inafaa wazee?"

"Kwa nini, mama?"

Akanyoosha mkono, akagusa kinundu cha nje cha kiwiko chake cha kulia kwa kidole kimoja. Hakukosea hata milimita.

Mama hulima mpunga na kuupura kwa mkono. Miganda hushikwa kwa mikono miwili, huinuliwa juu ya kichwa na kupigwa kwenye gogo mpaka punje zitoke, kuanzia asubuhi hadi jua likali, kwa siku nyingi mfululizo. Kabla ya hapo kuna jembe. Baada ya hapo kuna mchi, ndoo, na nguo za kukamua. Nilimwekea kigoda. Kiganja chini, alishindwa. Kiganja juu, kilipanda. Alikitazama kile kigoda kwa muda kama kitu kilichosema siri yake mbele za watu. Ilikuwa misimu saba, alisema. Na aliiita uchovu. Mama zake wadogo nao walikuwa na uchovu huohuo, mahali hapohapo, na hakuna aliyewahi kuupeleka kwa muganga, kwa sababu mtu hapeleki uchovu kwa muganga. Anayechoka hulala, na asubuhi huamka.

Nilimweleza kipimo cha 0 hadi 10. Alikikataa. "Maumivu si mchele," alisema, "huyaweki kwenye mizani." Lakini nilipomwuliza ni kazi gani inaluma na gani hailumi, alipanga bila kusita, na nikaandika. Kufunga kitambaa kichwani: hakuna kitu. Kufungua kifuniko cha dumu: kidogo. Kuinua sufuria jikoni: inavuta. Kusonga bugali: inachoma. Kukamua blanketi: anaomba msaada. Kupura: anapura huku amekaza meno. Hicho kilikuwa kipimo kamili, chenye ngazi sita, na kilikuwa bora kuliko changu, kwa sababu kila ngazi ilikuwa kitu ambacho kesho angekifanya na kukilinganisha. Kwa wiki kumi na mbili tulikitumia hicho. Alianza na chupa yenye maji nusu. Mchi na jembe tulivizungushia mpira wa baiskeli. Ndoo alianza kuiinua kwa kuikumbatia kutoka chini. Na katika kupura tulipatana, sisi watoto pamoja naye, kwamba hakuna anayepura kwa zaidi ya saa moja bila kubadilishana na anayefunga miganda.

Sisemi kwamba kigoda na chupa vimemaliza matatizo ya mkulima wa Ruzizi. Mpunga ukiiva haungoji kano, na mvua haiulizi ni wiki ya ngapi ya mazoezi. Kuna siku mama alipura tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu mawingu yalikuwa yamejaa juu ya milima, na wiki iliyofuata alirudi ngazi mbili nyuma. Wataalamu wenyewe husema wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa mazoezi au hata bila hayo, ilimradi mzigo upungue. Kwa mchezaji wa tenisi, kupunguza mzigo ni kuacha raketi. Kwa mama, ni kuacha chakula. Ndiyo maana najiuliza kama jina la mchezo halitudanganyi. Linatufanya tudhani kwamba kiwiko kinachouma ni kiwiko cha mtu aliyekuwa akijifurahisha, na linamnyima anayefanya kazi haki ya kusema kwamba anaumwa.

Nimewasikia wenzangu kitivoni wakisema kwamba msamiati wa tiba ni kazi ya madaktari na wanaistilahi, sisi tubaki na fasihi na sarufi. Nadhani kazi yenyewe ipo karibu zaidi. Madaktari wetu husoma kwa Kifaransa. Wagonjwa wetu huumwa kwa Kiswahili, Kifuliiru, Mashi, Kirundi. Katikati kuna dakika chache za mazungumzo, na mara nyingi yote huishia kwenye kitenzi kimoja, inaluma, na kielezi kimoja, sana. Kuvuta, kuchoma, kukeketa, kupwita, kuwaka, kufa ganzi: maneno haya hayahitaji kuundwa na kamati. Yapo. Mama yangu anayo yote, na aliyatumia sawasawa mara tu alipoulizwa namna badala ya kiasi. Nimependekeza kwamba kazi yangu ya mwisho wa masomo iwe juu ya maneno hayo kama yanavyotumiwa na wakulima na wapakiaji wa uwanda wa Ruzizi, pamoja na vipimo vyao vya kazi kama kile cha mama. Mwalimu anayeniongoza ameniuliza kama ni isimu au ni tiba. Nimemjibu kwamba nitaanza na vitenzi.

Kuhusu jina, mimi na mama tumelijadili. Nilipendekeza kiwiko cha mpuraji. Alilionja mdomoni, akasema ni jina la kitabu. Watu wa Sange watasema inkokora ya mpunga na kila mmoja atajua. Sasa akina mama wawili wa mtaa wetu hulitumia, na mmoja wao alikwenda nalo kwa kine. Mama yuko kwenye ngazi ya bugali bila kuchomwa. Blanketi bado anakamua na dada yangu. Mimi nimerudi kwenye pembe za gunia, na kila Jumamosi asubuhi, muuza mchele akiwa bado anapanga bidhaa zake, nampelekea chupa mbili za kupima, yangu na ya mama.